Kusimamia au Kufuatilia? Gridi za Kompyuta, Malaria na Mwambao wa Ziwa Mweru

Wasomaji wetu wanaofundisha tafsiri watakubaliana nasi kwamba matini ya kitaalamu humwaibisha mwalimu kabla ya kumwaibisha mwanafunzi. Muhula uliopita tuliwapa wanafunzi wa mwaka wa tatu matini mbili fupi za Kiingereza. Ya kwanza ilihusu utafiti wa malaria wilayani Nchelenge, kaskazini mwa Zambia, kwenye mwambao wa Ziwa Mweru. Ya pili ilihusu namna rasilimali zinavyosimamiwa na kufuatiliwa katika gridi za kompyuta. Tuliziweka pamoja kwa sababu malaria ni miongoni mwa magonjwa ya kwetu yaliyotangulia kupelekwa kwenye mitambo ya aina hiyo. Karatasi ziliporudi tulikuta kompyuta zimepewa "ajira", na mtandao una "mafundo" kama kamba ya mvuvi. Tulicheka, kisha tukanyamaza, kwa kuwa hata sisi walimu tulikuwa hatujakubaliana tuseme nini.

Mwanafunzi mmoja, mzaliwa wa Pweto, upande wa Kongo wa ziwa hilohilo, hakucheka. Aliuliza: "Mwalimu, mashine hizi ni mali ya watu wengine, tena ziko nchi nyingine. Sasa anayezisimamia ni nani?" Makala haya yametokana na swali hilo.

Tuanze na neno lenyewe. Msomaji wa Tanzania akisikia gridi huwaza umeme, hasa ule uliokatika. Hajakosea. Mwaka 1998 Ian Foster na Carl Kesselman walihariri kitabu kilicholieneza wazo hili, na mfano wao ulikuwa umeme: mtu achomeke waya ukutani, apate nguvu ya kukokotoa bila kujali imetoka bwawa gani. Ila mfano huo unaficha jambo. Gridi ya taifa ina shirika lenye mamlaka ya kuwasha na kuzima. Gridi ya kompyuta haina mwenyewe mmoja. Kila chuo kina mashine zake, kanuni zake na nywila zake, na kinaweza kujitoa kesho asubuhi.

Tatizo la kugawana mashine lilianza kushughulikiwa kabla ya jina hilo kupata umaarufu. Mwaka 1988, katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison, kundi la Miron Livny lilikuwa na programu iliyoitwa Condor. Waliona kompyuta za maofisini zinalala usiku kucha bila kazi, huku watafiti wengine wakisubiri foleni. Katika mfumo uliokuja kutokana na kazi yao, kila mashine hujitangaza: nina kumbukumbu kiasi hiki, napokea kazi usiku tu, mwenyewe akigusa kibodi naacha mara moja. Kila kazi nayo hutangaza mahitaji yake. Kati ya pande hizo mbili kuna programu inayosoma matangazo na kuyakutanisha.

Programu hiyo mwanafunzi mmoja aliipa jina la "mshenga". Tulikwisha kumwekea alama nyekundu, tukairudia karatasi siku ya pili. Mshenga si baba wa bwana harusi wala mama wa bibi harusi, na nyumba itakayojengwa si yake. Hupeleka sifa na masharti, hurudisha jibu, na pande mbili zikikubaliana hujiondoa. Ndivyo ifanyavyo programu ile: ikishakutanisha kazi na mashine, hizo mbili huzungumza zenyewe. Alama nyekundu tuliifuta.

Kukutanisha ni nusu tu ya shughuli. Nusu ya pili ni kujua yanayotokea baada ya hapo. Katika mifumo kama Ganglia, iliyoanzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kila mashine hutoa ishara kila baada ya muda mfupi kuonyesha kuwa iko hai. Wataalamu huiita mapigo ya moyo, na hapa Kiswahili hakina taabu. Mapigo yakikoma, mfumo huihesabu mashine kuwa imekufa. Lakini mashine iliyokufa, mashine iliyokatikiwa waya na mashine iliyoelemewa tu, zote tatu kwa aliye mbali hunyamaza namna moja. Mfuatiliaji hana budi kuamua asubiri kwa muda gani kabla ya kumpa mwingine kazi ile.

Turudi kwenye malaria. Mwaka 2005, mradi wa WISDOM ulitumia gridi ya Ulaya iliyoitwa EGEE kutafuta dawa. Kwa muda wa wiki 6 hivi, kompyuta 1,700 katika nchi 15 zilijaribu kwa hesabu jinsi molekuli zinavyoweza kujishikiza kwenye protini za kimelea. Majaribio yalikuwa zaidi ya milioni 40, kazi ambayo ingeichukua kompyuta moja miaka 80. Mashine hizo zilikuwa za taasisi, zenye mafundi wa kupigiwa simu.

Mwaka uliofuata ulizinduliwa kwa umma mradi wa namna tofauti, MalariaControl.net, chini ya mpango wa Africa@home. Nyuma yake walikuwamo CERN, Chuo Kikuu cha Geneva na Taasisi ya Tropiki ya Uswisi iliyoko Basel. Huu, kwa kusema kweli, haukuwa gridi kwa maana kali ya neno. Kompyuta zilikuwa za watu binafsi waliojitolea, zikikokotoa wakati wenyewe wanakunywa chai. Kila mashine ilipewa kijiji cha kubuni chenye watu wa kubuni. Humo waling'atwa na mbu, wakaugua, wakapata kinga, wakapewa chandarua au chanjo, na matokeo yakarudishwa.

Namba za kukipa uhai kijiji hicho zilitoka kwenye vijiji vya kweli, na kimojawapo ni Namawala, katika bonde la Kilombero, si mbali na Ifakara. Waswisi walifungua maabara Ifakara mwaka 1957, nayo ndiyo iliyokuja kuzaa Taasisi ya Afya ya Ifakara ya leo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti walikadiria kuwa mkazi wa Namawala alipata zaidi ya maumo 300 ya mbu wenye vimelea kwa mwaka. Ili namba kama hiyo ipatikane, kuna watu waliofungua milango yao usiku ili mitego iwekwe, na kuna watoto waliotobolewa vidole. Sisi tunawahesabu hao kuwa wafadhili wa kwanza wa mradi, kabla ya mwenye kompyuta yeyote wa Ulaya.

Sasa, mashine za watu wasiojulikana husimamiwaje? Jibu fupi ni kwamba hazisimamiwi. Programu iliyotumika, BOINC, ilitoka Berkeley kwa David Anderson na wenzake, waliokuwa wamejifunza kutokana na SETI@home, mradi ulioanza mwaka 1999. Huko walikutana na wajitoleaji waliochezea programu ili wapande juu katika orodha ya alama. Kwa hiyo katika BOINC kituo hakimwiti mtu. Mashine yenyewe ndiyo hubisha hodi kuomba kazi. Hupewa kazi na siku ya mwisho. Siku ikipita, kazi hupewa mwingine bila lawama. Tena, kazi ileile yaweza kupelekwa kwa mashine mbili au zaidi za watu wasiofahamiana, na majibu hayapokewi mpaka yalingane. Hata kompyuta zisizo na hila huweza kutofautiana katika desimali za mwisho, kwa kuwa zimeundwa na viwanda tofauti, na hilo nalo limewekewa utaratibu. Hakuna anayeaminiwa kwa neno lake, na hakuna anayetukanwa kwa kutoaminiwa.

Nchelenge iliingia katika historia ya takwimu hizi kwa mlango mwingine. Kuanzia mwaka 2010 wilaya hiyo ilikuwa mojawapo ya maeneo ya mtandao wa utafiti wa malaria wa kusini na kati mwa Afrika uliofadhiliwa na Marekani, na kwa upande wa Zambia kazi iliongozwa na Kituo cha Utafiti wa Magonjwa ya Tropiki cha Ndola. Nyumba zilihesabiwa kwanza kwa picha za setilaiti, kisha baadhi zikachaguliwa kwa bahati nasibu, zikatembelewa na kuwekewa mitego ya taa. Mbu aina ya funestus walikutwa wengi karibu na ziwa. Kati ya mwaka 2014 na 2016 nyumba za maeneo yaliyochaguliwa zilipulizwa dawa mpya, kwa sababu mbu walikwisha kuizoea ile ya awali. Maambukizi yalipungua kwa kama robo wakati wa masika, lakini wakati wa kiangazi hayakupungua.

Picha ya setilaiti huona paa, haimwoni mvuvi. Watu wa mwambao huo huhama na samaki. Leo yuko Kashikishi sokoni, kesho yuko kambini, keshokutwa yuko Kisiwa cha Kilwa (jina litakalomshtua mtu wa Lindi), au amevuka kwenda mji mwingine uitwao Kilwa, ulioko Kongo. Ziwa moja lina serikali mbili, na dawa inayopulizwa ukutani upande mmoja haimfuati mtu anayelala chini ya turubai upande wa pili. Lipo na lingine lililotusumbua tulipozisoma matini zile mbili kwa pamoja. Desimali ya mwisho ya kompyuta ya mtu wa Basel hukaguliwa na kompyuta ya pili. Rejista ya zahanati, katika sehemu nyingi za kwetu, huandikwa mara moja, na mtu mmoja mwenye foleni mlangoni. Mgonjwa asiyefika haandikwi kabisa. Hana hata siku ya mwisho ambayo ikipita mtu atamuuliza.

Ndiyo maana tulirudi kwenye vitenzi. Kusimamia kumetoka katika kusimama: msimamizi yupo, amesimama, anaonwa. Kufuatilia kumetoka katika kufuata, na afuataye yuko nyuma, huona nyayo. Waandishi wa miradi hutamka "usimamizi na ufuatiliaji" kwa pumzi moja kana kwamba ni pacha. Katika gridi, cha kwanza kikipungua, cha pili hakina budi kuongezeka. Na rasilimali je? Neno hili la asili ya Kiarabu ni kichwa cha mali, yaani mtaji, kitu chenye mwenyewe. Saa moja ya kompyuta iliyolala haiwekwi akiba. Hukopi, maana hutarudisha kiasi kilekile. Huazimi, maana hutarudisha kitu kilekile. Tulijaribu kutafuta kitenzi cha tatu kwa kipindi kizima, kengele ikalia.

MalariaControl.net ulifungwa mwaka 2016. Programu yake ya kuigiza vijiji, OpenMalaria, iko wazi kwa yeyote anayetaka kuisoma, ingawa maelezo yake ni ya Kiingereza. Mwanafunzi wetu wa Pweto ameomba ajaribu kutafsiri sehemu yake iwe tasinifu, nasi tumemkubalia kwa masharti mawili: "ajira" iwe "kazi", na "mafundo" yawe "nodi". Juu ya "mshenga" hatukumwekea sharti lolote.