Liyongo Ng'ambo ya Mvita

Fumo Liyongo ndiye shujaa mkuu wa masimulizi ya Waswahili. Yasemwa kwamba kimo chake kiliwapita watu wote, mshale wake haukukosa shabaha, na mwili wake haukudhurika kwa silaha yoyote ila sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Kwao ni Shaka, mji wa kale upande wa mlango wa Mto Tana, na kaburi linalodaiwa kuwa lake huonyeshwa karibu na Kipini. Kama aliishi kweli, na lini, wataalamu hawajaafikiana: wapo wanaomweka kabla ya karne ya 13, wapo wanaomshusha hadi karne ya 16 au ya 17. Ubishi huo umepewa uzito zaidi ya unavyostahili. Liyongo anayejulikana ni zao la utunzi, na kwa sababu hiyo ameweza kubebeshwa mambo ambayo mtu wa kweli asingeyabeba.

Mombasa, yaani Mvita, ina sehemu yake katika hadithi hii. Waswahili wa hapa hujihesabu kuwa Thenashara Taifa, yaani mataifa 12: Miji Mitatu ya Kilindini, Tangana na Changamwe, na Miji Tisa ambayo ndani yake wamo Mvita, Jomvu, Pate, Faza na Shaka. Changamwe na Jomvu ni majina ya bara iliyo ng'ambo ya kisiwa. Shaka ni jina la mji uliokufa huko kaskazini, na Washaka wa Mombasa wamelihifadhi jina hilo muda mrefu baada ya kuta zake kuanguka. Hivyo Liyongo hakuja Mvita kama mgeni. Alikuja pamoja na watu waliodai mji mmoja naye.

Maelezo marefu zaidi ya maisha yake yamo katika Utendi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa mwaka 1913 na Muhamadi Kijumwa, mshairi na fundi wa kuchonga wa Lamu. Mfalme wa Pate anaogopa kunyang'anywa kiti, kwa hiyo anatafuta njia ya kumwua. Watu wa msituni wanatumwa wale naye kikoa, kila mmoja akitoa chakula kwa zamu. Wanakubaliana wapande mikoma kuchuma makoma, na zamu ya Liyongo ikifika apigwe mishale akiwa juu. Liyongo hapandi. Anayaangusha makoma kwa mshale, akiwa amesimama chini. Anapotiwa gerezani, anatunga wimbo na kumpa kijakazi Saada aupeleke kwa mama yake. Ndani ya wimbo mna agizo: mama aoke mkate mzuri, na mwingine wa wishwa wenye tupa ndani yake. Walinzi wanaupora mzuri na kumwachia mfungwa ule wa wishwa. Kisha anaomba watu wacheze gungu, na ngoma zinapolia nje, yeye anakereza minyororo.

Nguvu za mwili hazikumtoa gerezani. Alitolewa na shairi, akili ya mama, miguu ya kijakazi na ulafi wa walinzi. Hapo ndipo panapoonekana kile ambacho watu wa pwani walikihesabu kuwa ukamilifu wa muungwana: awe mtu wa silaha, mtu wa tungo na mtu wa ngoma kwa pamoja, na ajue kula na watu bila kuwaamini kupita kiasi. Mwisho wa Liyongo unatoka nyumbani. Mwanawe, aliyeahidiwa cheo na binti wa mfalme, anamchoma sindano usingizini. Liyongo anajikokota hadi kisimani, anapiga goti na kuvuta upinde, na anafia hapo. Mji mzima unakosa maji kwa siku kadhaa kwa kumwogopa maiti.

Mashujaa wa kubuni huzuka mahali pengi penye hisia ya kupungukiwa. Superman wa Marekani alitolewa mwaka 1938, nchi ikiwa bado katika mdororo wa uchumi, na waliombuni walikuwa vijana wawili wa familia za wahamiaji Wayahudi. Liyongo wa Kijumwa naye aliandikwa wakati pwani haina tena miji huru. Mombasa ilikuwa imeingia chini ya Waomani mwaka 1698, ukoo wa Mazrui uliojitawala hapo ukaangushwa na Sultani Seyyid Said mwaka 1837, usultani wa Witu ukashambuliwa na Waingereza mwaka 1890, na mwaka 1895 Uingereza ikatangaza himaya yake.

Mwaka huohuo alikuwepo shujaa wa kweli. Mbaruk bin Rashid al-Mazrui, aliyekaa Gasi, kusini mwa Likoni, aliinuka dhidi ya Waingereza, na ngome yake ya Mwele ikatekwa Agosti 1895. Mwaka uliofuata alivuka mpaka akajisalimisha kwa Wajerumani, na mwaka 1910 alifia Dar es Salaam. Ujasiri wake hauna shaka. Lakini maisha yake yana tarehe na mapatano, tena alikuwa na watumwa wake mwenyewe, na hayo yote yanambana anayetaka kumfanya kielelezo. Liyongo habanwi na kumbukumbu za ofisi yoyote.

Hata hivyo, katika bara ya Mombasa kielelezo hiki kina kasoro. Kisauni ndiko wamisionari wa Kianglikana wa CMS walikoanzisha Frere Town mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa utumwani. Kengele yao ndiyo iliyoacha jina la Kengeleni. Mwaka 1880 wenye watumwa wa Mombasa walitishia kukishambulia kijiji hicho kwa kuwapokea watoro. Kwa watu wa namna hiyo, uungwana wa Liyongo haukuwa tunu iliyopotea. Ulikuwa mlango uliofungwa. Changamwe nayo, baada ya kuja reli, bandari na kiwanda cha kusafisha mafuta, ilijaa wafanyakazi kutoka bara ya mbali, na Wajaluo miongoni mwao walikuwa na Lwanda Magere wao, ambaye uhai wake ulikuwa katika kivuli na siri yake ilitolewa na mke.

Aliyemfikisha Liyongo kwa wote hao ni mwandishi asiye wa pwani. Kithaka wa Mberia alichapisha tamthilia ya Kifo Kisimani mwaka 2001, akakibadilisha kisa kiwe cha Mwelusi anayempinga mtawala dhalimu Bokono katika nchi ya Butangi. Kitabu kilitahiniwa katika shule za sekondari nchini Kenya, na mwanafunzi wa Likoni akakisoma sawa na wa Nyeri. Mji uliopotea uliondoka katika hadithi, na mahali pake pakakaa haki ya raia mbele ya dola, jambo lililokosekana miaka mingi ya chama kimoja.

Kitu kimoja hakijapata mtunzi wake. Saada ndiye aliyebeba wimbo kutoka gerezani hadi nyumbani na kurudi na mkate, na bila yeye shujaa angefia ndani. Lakini utenzi hausemi alipata nini kwa kazi hiyo. Atakayekiandika tena kisa hiki kwa wasomaji wa Kisauni na aanzie kwake.