Sheria Moja, Madarasa Mawili: Elimu Endelevu ya Mawakili na Kiswahili katika Mpaka wa Busia na Tororo

Makala haya yanafuatilia jinsi elimu endelevu ya mawakili ilivyojengeka Kenya na Uganda, yakiitazama kutoka mpaka wa Busia na Tororo. Hoja yetu ni kwamba elimu hiyo ilikua ndani ya mipaka ya kitaifa, na kwa Kiingereza, katika kipindi kilekile ambacho sheria zenyewe zilianza kuuvuka mpaka. Pengo lililobaki, kwa maoni yetu, ni la lugha zaidi kuliko la maudhui.

Mwaka 1902 Jimbo la Mashariki la Uganda lilihamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ikawa Kenya. Wasamia na Wateso wakajikuta chini ya tawala mbili. Sheria, hata hivyo, haikukatika kama ardhi ilivyokatika. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka uo huo, ilisikiliza rufani kutoka pande zote mbili hadi ilipokoma mwaka 1977, Jumuiya ya kwanza ilipovunjika. Kwa takriban miaka 75, basi, wakili mwenye kesi Tororo na mwenzake mwenye kesi Kisumu walitegemea hukumu za mahakama moja ya juu.

Mafunzo nayo yalipata kuwa ya pamoja, ijapokuwa kwa muda mfupi. Kamati iliyoongozwa na Lord Denning kuhusu elimu ya sheria kwa wanafunzi wa Afrika ilitoa taarifa yake mwaka 1961, na mwaka huo Kitivo cha Sheria kikafunguliwa Dar es Salaam kwa ajili ya Tanganyika, Kenya na Uganda. Kwa mtafiti wa lugha, kitivo hiki kina umuhimu wa pekee. A. B. Weston, mkuu wake wa kwanza, ndiye aliyeandaa orodha ya istilahi za sheria za Kiswahili iliyochapishwa mwaka 1968. Mwaka huohuo Makerere ilianza kufundisha sheria. Miaka miwili baadaye Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kiligawanyika, Nairobi ikapata kitivo chake, na Uganda ikaunda Kituo cha Maendeleo ya Sheria cha Kampala. Istilahi zilibaki Dar es Salaam, na wanafunzi ambao zingewafaa Busia wakarudi kusomea kwao.

Miaka ya 1970 ilileta neno moja la Kiswahili ambalo Waganda wengi walilijua bila kulifundishwa na mtu: magendo. Kahawa ya Uganda ilivushwa kwenda Kenya kwa njia za panya, na neno hilo likaingia hata katika Kiingereza cha Uganda. Halikuwa istilahi ya sheria. Lilikuwa neno la soko, na kwa sababu hiyo lilijumuisha tajiri mwenye malori pamoja na mama aliyebeba sukari kichwani. Wakili anayemtetea huyo mama hadi leo hulazimika kwanza kumtenganisha na neno hilo.

Elimu endelevu ya lazima ilikuja baadaye sana, katika miaka ya mwanzo ya karne hii. Kenya, chini ya Chama cha Mawakili, iliifunga na cheti cha uwakili: wakili hutakiwa kukusanya alama tano kila mwaka kwa kuhudhuria semina zilizoidhinishwa. Uganda nayo ina utaratibu wake, chini ya Baraza la Sheria. Nia ilikuwa njema, na hatuna ugomvi na alama. Lakini kila nchi ilizihesabu kana kwamba sheria ya wakili huishia pale bendera inapobadilika.

Na hapo ndipo historia inapokwenda kinyume na mtaala. Tangu Januari 2005 sheria ya forodha ya pande zote mbili ni moja, yaani Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010, nayo inazitaka nchi wanachama zitambue sifa za kitaaluma za wenzao. Kisha ikaja Sheria ya Vituo vya Pamoja vya Mpakani ya 2016, na kituo cha Busia kikazinduliwa rasmi Februari 2018. Msafiri aendaye Uganda humaliza taratibu zote upande wa Uganda, akihudumiwa pia na maofisa wa Kenya walioko huko. Arudipo, mambo huwa kinyume. Maofisa wa nchi moja hutekeleza sheria yao katika ardhi ya nchi nyingine, ndani ya eneo maalumu la udhibiti. Mteja anayezuiliwa humo atamtafuta wakili aliye karibu, na wakili huyo atahitaji kujua sheria ambayo semina zake hazikumfundisha.

Tuchukue neno *dhamana*. Uganda, bondi hutolewa na polisi kituoni, bila malipo, na beili hutolewa na mahakama. Kenya, tofauti ya maneno hayo mawili haitokani na nani anayetoa, bali na namna ya ahadi: beili hufungamana na kiasi cha fedha, bondi ni ahadi inayoweza kuwa na wadhamini au kutokuwa nao. Mwongozo wa Kenya wa mwaka 2015 uliandikwa kulinyoosha jambo hili. Kiswahili cha mpakani huita yote hayo dhamana. Dereva wa lori, zaidi ya hayo, ana bondi ya forodha inayolinda kodi ya shehena ipitayo. Anapoambiwa dhamana imekataliwa, haelewi kama ni yeye au ni mzigo. Ongeza kwamba mahakama ya Uganda, inapofikiria beili, huuliza iwapo mshtakiwa ana makazi ya kudumu ndani ya mamlaka yake. Mtu aliyelala Busia ya Kenya maisha yake yote na kulima Busia ya Uganda atajibu nini, na kwa neno lipi?

Sheria za lugha haziwasaidii sana. Mahakama za chini za Kenya zinaruhusiwa kutumia Kiingereza au Kiswahili, na Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi. Uganda ilikifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, kitumike katika mazingira ambayo Bunge litayaamua, na lugha ya mahakama zake ni Kiingereza. Mwenye shauri pande zote mbili anaweza kuwa mtu yuleyule, akitumia Kiswahili kilekile. Upande mmoja anasikika moja kwa moja, upande wa pili anahitaji mkalimani.

Mkalimani huyo, ambaye aghalabu ni karani wa mahakama, ndiye anayeamua kila asubuhi kama *dhamana* itaandikwa bondi au beili. Alama tano za kila mwaka hazimhusu, kwa kuwa yeye si wakili.