Chumba cha Njano cha Mgeni

Miaka mitatu iliyopita mama alikubali kuja kukaa nami Dar es Salaam. Baba alikuwa ametutoka, na kule Iramba, mkoani Singida, mama alikuwa amebaki peke yake na kuku wake. Nilikuwa na chumba kimoja cha ziada, nikaamua kukipaka rangi ya njano. Kwa nini njano? Kwa sababu ilikuwa fasheni, sina sababu nyingine. Kila picha ya nyumba niliyoiona kwenye simu ilikuwa na ukuta mmoja wa njano, mito ya njano kwenye kochi, mapazia ya njano. Fundi akaniuliza, "Njano ya Yanga au ya chama?" Mimi ni mtu wa Simba. Nikamwambia njano ya manjano yenyewe, ile tunayotia kwenye mchuzi, maana huko ndiko jina la rangi lilikotoka.

Ukutani nikatundika picha ya alizeti kwenye chombo cha udongo, nakala ya bei poa niliyoiokota Kariakoo. Nilijua mchoraji wake ni Vincent van Gogh, basi. Sikujua kwamba alizeti zile zilichorwa kwa kazi ileile niliyokuwa nikiifanya mimi: kupamba chumba cha mgeni.

Nilipoanza kusoma habari zake, nilikutana kwanza na rangi yenyewe. Kwa karne nyingi njano ya ukutani Ulaya ilikuwa ni udongo uliosagwa, rangi nzuri lakini imepooza kidogo. Mwaka 1797 mkemia Mfaransa, Louis-Nicolas Vauquelin, aligundua kromiamu ndani ya jiwe jekundu kutoka Siberia. Baadaye ikajulikana kwamba kromiamu ikikutana na risasi hutoa njano kali, inayowaka. Katika karne ya 19 viwanda vikaitengeneza kwa wingi na watu wakaipaka hata kwenye magari ya farasi. Ilikuwa na sumu, maana risasi ni sumu, lakini ilipendeza.

Kufikia miaka ya 1880 njano ilikuwa rangi ya watu wanaojua mambo. Mwaka 1883 mchoraji James McNeill Whistler alifanya maonyesho London ambamo ukumbi mzima ulipambwa kwa nyeupe na njano, mpaka mtumishi wa mlangoni akavalishwa sare ya rangi hizohizo. Mwaka huohuo Claude Monet alihamia Giverny, Ufaransa, kwenye nyumba ambayo hadi leo wageni wanaingia kuona chumba chake cha kulia chakula: kuta, makabati na viti, vyote njano.

Van Gogh hakuwa na pesa za fasheni. Aliishi kwa fedha za mdogo wake Theo, aliyekuwa akiuza picha Paris. Alifika Arles, kusini mwa Ufaransa, Februari 1888, na Mei mosi akapanga upande mmoja wa nyumba iliyokuwa namba 2, Place Lamartine, kwa faranga 15 kwa mwezi. Vyumba vilikuwa vinne. Nje ilikuwa njano kama siagi, madirisha ya kijani. Ndani, na hapa ndipo niliposhangaa, kuta zilikuwa nyeupe, zimepakwa chokaa tu! Njano ya ndani alikusudia kuileta mwenyewe kwa brashi.

Septemba Theo akamtumia faranga 300. Vincent akaenda kununua samani: vitanda viwili, kioo, na viti 12. Viti 12 kwa mtu mmoja asiye na mke wala mtoto! Lakini alikuwa akiota nyumba ambamo wachoraji wenzake wangeishi na kufanya kazi pamoja, na wa kwanza aliyemtaka ni Paul Gauguin. Kitanda cha mti wa mjozi, kile kizuri, kilikuwa cha mgeni. Yeye alijiwekea kile cha mbao za kawaida.

Alizeti alikuwa ameshazichora mwezi Agosti, mbiombio, kwa sababu maua yale yakikatwa hunyauka upesi. Alichora picha nne, akachagua mbili za kutundika kwenye chumba cha Gauguin. Moja ni njano juu ya njano: maua njano, chombo njano, meza njano, ukuta njano. Hiyo ndiyo iliyoko National Gallery, London, tangu 1924, na ndiyo niliyoinunua Kariakoo bila kujua. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nadhani Vincent aliliamini jambo hilo kuliko sisi tunaolisema.

Gauguin alifika Oktoba 23. Walichora pamoja, walipika, walibishana, na mabishano yakawa makali. Usiku wa Desemba 23 Vincent alijikata sikio. Gauguin akaondoka, na hawakuonana tena. Wiki tisa tu, basi.

Sasa sikia hili. Januari 1889 Gauguin aliandika kuomba apewe picha ya alizeti, ile ya njano juu ya njano. Chumba kilimshinda, mwenyeji alimshinda, ila njano ile aliitaka. Vincent hakukubali kuitoa; akakaa chini akachora nakala. Muda mfupi baadaye majirani wapatao 30 walitia saini barua ya kutaka aondolewe, na polisi wakaifunga nyumba. Alikufa Julai 1890 akiwa na miaka 37. Nyumba yenyewe ilipigwa na bomu Juni 1944, wakati wa vita, na baadaye ikabomolewa.

Hata rangi nayo haikukaa. Mwaka 2011 wanasayansi waliopima rangi hizo kwa miale ya X walieleza kwa nini njano ya kromiamu hugeuka kahawia: mwanga huibadilisha kromiamu taratibu. Alizeti tunazoziona leo si njano ileile aliyoiona yeye.

Mama alipoingia kwenye chumba chake alisimama mbele ya picha kwa muda. Amelima alizeti tangu utotoni. Akasema, "Mbona haya yameiva na hawajayavuna? Yataliwa na ndege." Kweli, ukiangalia vizuri, maua mengi kwenye picha ile yamemwaga petali, yamebaki vichwa vya mbegu. Mimi nilikuwa nimeona rangi tu.

Alikaa miezi miwili. Hatukugombana hata siku moja. Mvua zilipokaribia akasema chumba ni kizuri sana, mwanangu, lakini nani atanipandia shamba? Nikampeleka Mbezi kupanda basi alfajiri, nikarudi nikakaa kwenye kitanda chake na hasira ambayo sikujua nimkasirikie nani. Ndipo nilipoanza kusoma habari za ile picha, nadhani kwa sababu ndiyo iliyokuwa mbele ya macho yangu. Rangi inaweza kumkaribisha mtu. Kumbakiza haiwezi, iwe ya fundi wa mtaani au ya Van Gogh.

Mwezi uliofuata mama alipiga simu. "Ile rangi iliyobaki kwenye ndoo bado unayo?" Nikamwambia ninayo. "Basi nitumie."

Niliituma kwa basi, na brashi ndani ya mfuko. Akapaka ukuta wa baraza, pale anapokaa na wageni wake jioni. Upande unaopigwa na jua umeshaanza kupauka. Nimemwambia nitakuja nayo mpya, mwezi wa sita, wakati wa kuvuna.