Kiongwe Hakuwa Mtoto wa Punda

Mwanafunzi wa Kenya aliyejiandaa kwa KCPE, mtihani ulioanza 1985 na kufanywa kwa mara ya mwisho 2023, alikariri majina ya watoto wa wanyama: wa simba shibli, wa punda kiongwe, wa sungura kitungule, wa mamba kigwena. Orodha hiyo hupokelewa kama urithi wa wahenga. Ukiifuatilia katika kamusi, urithi unaanza kuyumba. Edward Steere, katika kitabu chake cha 1870 kuhusu Kiswahili cha Unguja, anamweleza kiongwe kuwa punda kutoka bara, tena mwenye sifa ya ukaidi. Habari za utoto hazimo. Kitungule nacho kilikuwa jina jingine la sungura, mzima na masikio yake. Kigwena ni ngwena, yaani mamba, aliyepachikwa ki- ya udogo. Nadhani ni ki- hiyo iliyowaponza watunga orodha: kwa kuwa kifaranga na kiluwiluwi ni wachanga kweli, maneno mengine yenye umbo hilo yalivutwa nayo hadi utotoni.

Utajiri halisi uko bandani. Kifaranga akikua huwa tembe, jike ambaye hajataga. Akikaribia kutaga ni mtetea. Akishataga na kulea ni koo. Ndugu yake ni pora mpaka siku atakapowika na kuitwa jogoo, au jimbi. Zizini kuna ndama, mtamba, fahali na maksai. Kwa mbuzi, mfarika na beberu. Majina haya yanapita hesabu ya umri. Yanajibu maswali ya mwenye mali: huyu atazaa lini, achinjwe au aachwe, anafaa kutolewa mahari? Simba hakuwa na mtu wa kumngojea azae, kwa hiyo “mtoto wa simba” ilitosha. Shibli lenyewe ni neno la Kiarabu.

Mtu atauliza: na tunutu je? Nzige hakufugwa na yeyote, ila mtoto wake ana jina lake. Pingamizi hili ni la haki, nami nalipokea kwa kuipanua hoja. Tunutu hana mabawa, anakwenda kwa miguu akiteketeza shamba. Mkulima alihitaji kumtofautisha na nzige arukaye. Kinachozaa jina ni haja, na kufuga ni haja mojawapo tu. Makundi nayo yanafuata mkondo huo. Nyuki wana bumba, kwa kuwa mrina asali hulitafuta. Samaki wana mtungo, lakini wakishavuliwa na kupitishwa kamba. Nyati, swala na pundamilia wanagawana neno moja, kundi. Waingereza, walio na maneno ya makundi mengi, waliyapata mengi kati ya hayo katika michezo ya waungwana wawindaji, kama orodha iliyochapwa 1486 katika kitabu cha Saint Albans.

Lipo pingamizi zito zaidi: kamusi za kale zilitungwa na wamisionari waliokaa mijini, mbali na wawindaji. Kweli, huenda mengi yaliwapita. Hata hivyo kiongwe hakuwapita. Walimwandika, na ni sisi tuliomgeuza. Wala sisemi neno lisibadilike maana. Ndama ametoka zizini bila kusukumwa na mtihani wowote, na leo magazeti ya Tanzania yanaandika “ndama wa tembo” na msomaji anaelewa. Kitungule bado hajatoka katika chumba cha mtihani.