Mtaji Usioliwa: Riba, Matunzo na Mahekalu ya Mapango ya Wabudha Magharibi mwa India

Wageni wengi wa mahekalu ya mapango ya jimbo la Maharashtra huwa na siku mbili tu. Hufika Aurangabad, mji ambao tangu mwaka 2023 jina lake rasmi ni Chhatrapati Sambhajinagar. Jumamosi huenda Ellora, yapata kilomita 30 kutoka mjini, na Jumapili huenda Ajanta, yapata kilomita 100. Ratiba hiyo ina sababu yake: Ajanta hufungwa Jumatatu na Ellora hufungwa Jumanne, hivyo mwisho wa juma ndio wakati salama kwa mtu mwenye haraka. Wanaoishi Mumbai au Pune wana safari fupi zaidi, ya Karla na Bhaja karibu na Lonavala, au ya Kanheri, iliyo ndani ya hifadhi ya taifa katika mipaka ya jiji la Mumbai lenyewe.

Katika safari hizo zote mgeni huelezwa habari ya tindo. Huambiwa kwamba mafundi waliuchimba mwamba wa volkano kutoka juu kwenda chini, kwamba nguzo hazikujengwa bali ziliachwa zisimame pale jiwe lilipoondolewa, na kwamba kosa moja halingeweza kurekebishwa. Yote hayo ni kweli. Hata hivyo, masimulizi ya aina hiyo humwacha mgeni akiamini kwamba kazi ilikwisha siku tindo ilipowekwa chini. Makala haya yanashughulikia upande mwingine wa historia hiyo, yaani nani alilipia mapango yaendelee kukaliwa baada ya kuchongwa, na kwa utaratibu gani. Ushahidi wake umechongwa ukutani, na sehemu yake kubwa iko Nashik, mahali ambapo ratiba ya siku mbili hupitwa kwa kawaida.

Mapango ya Nashik, ambayo ni zaidi ya 20, yako kwenye kilima nje ya mji. Katika pango la 10 mna maandishi ya Ushavadata, mkwe wa Nahapana, mtawala wa ukoo wa Kshaharata aliyetawala sehemu za pwani ya magharibi katika karne ya 1 au mwanzoni mwa karne ya 2 BK. Ushavadata aliwapa watawa pango hilo, kisha akaongeza fedha 3,000 za sarafu iitwayo karshapana. Fedha hizo hawakukabidhiwa watawa. Ziliwekwa kwa vyama vya mafundi wa mji wa Govardhana uliokuwa jirani: 2,000 kwa chama kimoja cha wafumaji kwa riba ya 1 kwa kila 100 kwa mwezi, na 1,000 kwa chama kingine cha wafumaji kwa riba ya robo tatu. Maandishi yanasisitiza kwamba mtaji haurudishwi. Kinachotumika ni riba peke yake. Riba ya fungu la kwanza ni karshapana 240 kwa mwaka, nayo ilipangiwa watawa 20 watakaokaa pangoni katika msimu wa mvua, kila mmoja apate 12 za vazi. Mara 20 kwa 12 ni 240, bila salio. Fungu la pili lilizaa 90 kwa ajili ya matumizi madogo. Pamoja na hayo palitolewa minazi 8,000 katika kijiji kimoja.

Hesabu hiyo ilifanywa kabla ya ahadi kutolewa. Mfadhili alianza na mahitaji ya mwaka mmoja, akarudi nyuma hadi kwenye mtaji unaoweza kuyakidhi, na ndipo akaandika. Maandishi yanaeleza pia kwamba jambo lote lilitangazwa katika baraza la mji na kuwekwa katika kumbukumbu kwa desturi. Maandishi ya pangoni, kwa hiyo, yalikuwa nakala ya hadharani ya mkataba ambao hati yake ilitunzwa mjini, mbele ya watu ambao wangeweza kudai utekelezaji wake.

Msomaji wa Afrika Mashariki atakumbuka wakfu, na ulinganisho huo unafaa kwa kiasi fulani. Katika hali zote mbili mali hufungwa isiuzwe wala isiliwe, na zao lake huelekezwa kwenye kazi moja. Tofauti ni kwamba wakfu wa pwani ulitegemea kodi ya nyumba na mavuno ya shamba, kwa kuwa riba ni haramu katika Uislamu, ilhali watawa wa Nashik walitegemea biashara ya mafundi waliokopeshwa. Wafumaji walipata mtaji wa kazi, nao watawa walipata mavazi. Kila upande ulikuwa na sababu ya kutaka mwenzake asife.

Uhusiano wa mapango haya na Bahari ya Hindi nao si wa kubuni. Mwongozo wa Kiyunani wa karne ya 1 uitwao Periplus wa Bahari ya Erythraea unataja Rapta, bandari ya pwani ambayo leo ni ya Afrika Mashariki. Kitabu hichohicho kinataja Barugaza, ambayo sasa ni Bharuch, na Kalliena, yaani Kalyan karibu na Mumbai. Kinaeleza pia kwamba mchele, samli, mafuta ya ufuta na vitambaa vya pamba kutoka upande huo wa India vilipelekwa katika masoko ya Pembe ya Afrika. Haiwezekani kuonyesha kwamba kitambaa fulani cha Govardhana kilivuka bahari. Linaloweza kusemwa ni kwamba vyama vilivyotunza fedha za watawa vilifanya kazi katika uchumi ambao pamba yake ilikuwa na wanunuzi ng'ambo, na kwamba mapango mengi yako kwenye njia za milimani zilizounganisha bandari na miji ya bara. Dhana ya kwamba watawa hao waliikimbia dunia inahitaji kupunguzwa makali. Walikaa pembeni mwa barabara.

Je, utaratibu huo ulistahimili vita? Jibu liko kilima hichohicho, katika pango la 3. Gautamiputra Satakarni, mfalme wa Wasatavahana, alimshinda Nahapana. Katika mwaka wa 18 wa utawala wake aliwapa watawa shamba la nivartana 200 lililokuwa la Ushavadata. Mtu angedhani habari ingeishia hapo, kwa sifa za mshindi. Lakini chini yake imechongwa amri ya pili, ya mwaka wa 24, iliyotolewa na mfalme pamoja na mama yake. Inakiri kwamba shamba walilopewa watawa halilimwi na kijiji chake hakina watu. Kwa hiyo wanapewa badala yake nivartana 100 za ardhi ya mfalme karibu na mji. Ni nadra kwa maandishi ya kifalme kukubali kwamba zawadi ya mfalme haikuzaa kitu. Miaka sita ilipita, mtu fulani akakagua, taarifa ikafika juu, na zawadi ikabadilishwa kwa iliyo ndogo lakini yenye wakulima. Kwa mwanahistoria wa utawala, mistari hiyo michache ina thamani kuliko sanamu nyingi.

Karla inatoa ushahidi wa aina hiyohiyo. Kijiji kilichotolewa na Ushavadata kwa watawa wa huko kilithibitishwa tena na watawala Wasatavahana waliomfuata. Huko pia nguzo za ukumbi mkuu wa ibada zina majina ya wafadhili wadogo, wakiwemo watu walioitwa Wayavana, jina ambalo kwa kawaida lilitumika kwa Wayunani. Katika karne ya 3 Nashik ilipata mfadhili mwingine, mwanamke aitwaye Vishnudatta, aliyeweka fedha kwa vyama kadhaa vya mafundi, wakiwemo wakamuaji wa mafuta, ili riba inunue dawa za watawa wagonjwa.

Ajanta, ambayo ndiyo hasa huwavuta wageni wa mwisho wa juma, ilifuata njia nyingine. Mapango yake 30 yako katika ukingo wa mto Waghora unaopinda kama kiatu cha farasi. Machache ni ya karne ya 2 na ya 1 KK. Mengi, pamoja na michoro iliyoipatia Ajanta sifa, ni ya karne ya 5 BK, wakati wa Harishena, mfalme wa ukoo wa Vakataka. Pango la 16 lilitolewa na waziri wake Varahadeva, na la 17 na mtawala mdogo wa eneo hilo. Maandishi yao ni mashairi ya kusifu koo na ukarimu. Hesabu ya aina ile ya Nashik haimo. Mtafiti Walter Spink alitetea kwa miongo kadhaa hoja kwamba kazi yote ya awamu hiyo ilifanyika katika muda usiozidi miaka 20 hivi, na kwamba ilikatika Harishena alipofariki na dola yake kusambaratika. Wapo wasiokubali ufupi wa muda huo. Lakini mapango yaliyoachwa yakiwa nusu, kama la 24, yapo kwa kila mtu kuyaona, nayo yanaelekeza kwenye ufadhili uliotegemea watu wachache wa jumba la mfalme.

Kanheri inafaa kuwekwa kando ya Ajanta kwa ulinganisho. Ina mapango zaidi ya 100, na matangi ya maji yaliyochongwa mwambani kukusanya mvua. Ilianza karibu na mwanzo wa zama hizi, na katika karne ya 9 bado ilikuwa ikipokea fedha za sarafu ya dramma zilizowekwa ziwe mtaji wa kudumu. Bila shaka ukaribu wa bandari ulisaidia, na si haki kuupa mtaji sifa yote. Hata hivyo, tofauti kati ya makao yaliyodumu karibu miaka 1,000 na yale yaliyong'aa kwa muda mfupi yakaachwa kwa popo inastahili uzito zaidi kuliko unaopewa katika vitabu vya sanaa.

Historia ya Ajanta baada ya kufahamika upya inarudia sura hiyo kwa namna ya kusikitisha. Mwaka 1819 afisa Mwingereza John Smith aliingia pango la 10 na kuchora jina lake na tarehe juu ya mchoro wa kale. Mwaka 1844 Robert Gill alipewa kazi ya kunakili michoro. Nakala zake nyingi ziliungua London mwaka 1866 katika moto wa Crystal Palace. John Griffiths na wanafunzi wa shule ya sanaa ya Bombay walianza upya mwaka 1872, na nakala zao nyingi zikaungua mwaka 1885, London vilevile. Wakati huohuo wanakili walipaka vanishi juu ya michoro yenyewe ili rangi ionekane vyema.

Michoro hiyo haikuchorwa juu ya chokaa mbichi kama ile ya makanisa ya Italia. Ukuta ulipakwa udongo uliochanganywa na nyuzi za mimea na pumba za mpunga, ukafuatiwa na tabaka jembamba jeupe, kisha rangi iliyoshikwa kwa gundi. Ni ngozi ya udongo juu ya jiwe; unyevu, wadudu na popo huiharibu kwa urahisi. Serikali ya Nizam wa Hyderabad, iliyotawala eneo hilo, ilikusudia mema ilipowaita wataalamu wawili kutoka Italia, Lorenzo Cecconi na Orsini, kati ya mwaka 1920 na 1922. Walishikiza vipande vilivyokuwa vikibanduka, na kazi hiyo iliokoa mengi. Walipaka pia shelaki, utomvu wa mdudu unaotumiwa na maseremala kung'arishia samani. Kwa miaka iliyofuata shelaki iligeuka manjano na kunasa vumbi, na Idara ya Akiolojia ya India imetumia miongo mingi kuiondoa polepole.

Katika matukio hayo yote fedha hazikukosekana. Kilichokosekana ni kile ambacho Ushavadata alikihesabu kwanza: gharama ndogo ya kila mwaka, yenye chanzo chake na mtu wa kuidai. Ajanta na Ellora ziliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1983. Baadaye mikopo ya Japani ilisaidia kuboresha barabara na huduma, na magari ya wageni yakazuiwa yapata kilomita 4 kutoka mapangoni ili moshi usiwafikie watu wala michoro. Hatua hiyo ya mwisho ni ya busara, nayo inaendelea kwa sababu nauli ya basi hulipwa kila siku na kila mgeni.

Kituo cha wageni cha Ajanta hakikuwa na bahati hiyo. Kilifunguliwa mwaka 2013 kikiwa na nakala za mapango ya 1, 2, 16 na 17 kwa ukubwa wake halisi. Lengo lilikuwa kupunguza msongamano, kwa kuwa pumzi, jasho na joto la umati huongeza unyevu ndani ya vyumba visivyo na madirisha. Wazo lilikuwa zuri na jengo lilikamilika. Baada ya miaka michache milango yake ilifungwa kwa sababu ya madeni ya umeme na maji. Wakati nakala zikiwa gizani, mabasi yaliendelea kuwashusha wageni wa Jumapili bondeni, nao wakapanda ngazi hadi pango la 1 lenyewe.