njia, barabara, mzunguko: istilahi za upangaji wa safari za magari

Njia na barabara zote zimo katika ngeli ya i-zi na hazibadiliki katika wingi. Mzunguko (wingi mizunguko) umo katika ngeli ya u-i. Katika mazungumzo ya kawaida maneno haya hupokezana bila madhara. Katika utafiti wa operesheni, yaani taaluma inayotumia hesabu kuamua namna ya kugawa magari, watu na muda, kila neno lina kazi yake. Mfasiri anayeyachanganya hubadilisha swali lenyewe, na mwanafunzi aliyekokotoa kwa usahihi huishia na jibu la swali jingine.

Mahali pazuri pa kuonea tofauti hii ni Mingoyo, mkoani Lindi. Kwenye njia panda ya Mnazi Mmoja, barabara itokayo Lindi mjini hugawanyika: tawi moja huelekea Mtwara, jingine huingia bara kwenda Mtama, Ndanda na Masasi. Barabara ni kitu kilichojengwa. Ina lami, madaraja na makaravati. Njia ni uchaguzi wa anayesafiri juu ya barabara hizo. Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, barabara ya kwenda Dar es Salaam ilikatika Somanga, wilayani Kilwa. Hata hivyo njia ilikuwapo: Masasi, Tunduru, Songea, Njombe, kisha Iringa, ingawa ni ndefu mno. Kwa hiyo ni sahihi kuandika kwamba barabara ilikatika na njia ikabadilika. Katika lugha ya hesabu, kipande kimoja cha mtandao kimeondolewa, na njia fupi kati ya nukta mbili imekokotolewa upya.

Njia fupi kabisa basi ina mwanzo mmoja na mwisho mmoja. Edsger Dijkstra alichapisha mwaka 1959 utaratibu wa kuitafuta, na kompyuta huimaliza kazi hiyo upesi hata kwa mtandao wenye maelfu ya njia panda. Mwaka huohuo George Dantzig na John Ramser walichapisha makala kuhusu malori ya petroli yanayotoka bohari moja, kugawa mafuta katika vituo vingi na kurejea. Hapo ndipo mzunguko unapohitajika: safari inayoanzia na kuishia mahali pamoja, ikipitia wateja kadhaa. Huenda ni sadfa tu kwamba maswali haya mawili yalichapishwa mwaka mmoja, lakini ugumu wake haulingani hata kidogo. Vituo 10 vinaweza kupangwa kwa mifuatano 3,628,800. Vituo 15 hupita trilioni 1.3.

Tuchukue mfano wa korosho. Tangu msimu wa 2007/2008 zao hili limekuwa likiuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani: mkulima hupeleka mzigo kwenye chama cha msingi, nacho huupeleka ghala kuu. Tuseme ghala liko Mingoyo, chama A kiko kilomita 30 kutoka ghalani, chama B kilomita 40, na kati ya A na B ni kilomita 20. (Umbali huu ni wa kufikirika.) Lori likienda A na kurudi, kisha B na kurudi, litatembea kilomita 140. Likipitia A, kisha B, ndipo lirudi, litatembea kilomita 90. Kilomita 50 zilizopungua ndizo G. Clarke na J. W. Wright walizozifanya msingi wa mbinu yao ya mwaka 1964: jumlisha umbali wa ghala hadi kila chama, toa umbali wa kati yao, kisha anza kuunganisha jozi yenye tofauti kubwa zaidi. Kwa Kiswahili tofauti hiyo iitwe akiba. Nimekutana na tafsiri iliyoiita «uokozi», neno linalomfanya msomaji atazamie ajali.

Akiba haitoshi peke yake. Ikiwa A ina tani 6 na B tani 5, lori la tani 10 haliwezi kubeba zote mbili, na kilomita 50 zile hubaki kwenye karatasi. Mipaka ya aina hii iitwe masharti (umoja sharti, ngeli ya li-ya). «Vikwazo» hudokeza jambo la kuondolewa njiani, ilhali uwezo wa lori hauondolewi, hutimizwa.

Sasa linganisha sentensi mbili za zoezi la darasani. «Tafuta njia fupi ya lori kupita vyama vyote» haifai: haisemi lori linaishia wapi, wala kama linaruhusiwa kurudi ghalani kushusha. Afadhali: «Tafuta mizunguko yenye jumla ndogo kabisa ya kilomita, kila mmoja ukianzia na kuishia ghalani, kila chama kikipitiwa mara moja, na shehena isizidi uwezo wa lori.» Ni ndefu, naam. Urefu huo ndio unaobeba masharti.

Neno bora nalo lina mtego. Huweza kumaanisha kizuri, kizuri zaidi, au kisichopitwa na chochote. Mbinu ya Clarke na Wright hutoa jibu zuri kwa haraka, bila ithibati kwamba hakuna jingine linalolishinda. Basi «suluhisho zuri» litumike kwa jibu la namna hiyo, na «bora kabisa» libakizwe kwa lililothibitishwa.

Ruti hutumiwa sana kwa daladala na mabasi, ambayo hupita palepale kila siku. Haifai kwa mpango unaobadilika kila asubuhi kwa kufuata mzigo. Tripu ni lugha ya madereva: «tripu tatu» ni kwenda na kurudi mara tatu. Msafara ni kundi la wasafiri au magari yanayofuatana, kama ile misafara ya wapagazi baina ya Kilwa na Ziwa Nyasa. Hauwi jina la njia. Operesheni lifafanuliwe linapotajwa mara ya kwanza, maana wengi watafikiria upasuaji au msako wa polisi. Asili yake katika taaluma hii ni ya kijeshi: wanasayansi wa Uingereza waliochunguza matumizi ya rada na silaha nyakati za Vita vya Pili vya Dunia.

Mwishowe, mtandao usichanganywe na mpango wa safari. Mtandao hujengwa kwa miaka; mpango huandikwa kwa siku. Reli ya Kusini, iliyoanzia Mkwaya, kwenye hori ya Lindi, kwenda Nachingwea, ilijengwa kwa ajili ya karanga za mradi mkubwa wa serikali ya Uingereza. Mradi uliachwa mwaka 1951, na reli, iliyokuwa imeunganishwa na bandari ya Mtwara, ikafungwa mwaka 1962. Shehena iliyotarajiwa haikupatikana. Katika fomula, kiasi cha shehena huitwa mahitaji nacho huchukuliwa kuwa kimejulikana tayari. Panapokuwa ni makisio tu, mfasiri aandike «mahitaji yanayokisiwa».

Taz. pia: *bohari, ghala, msafara, shehena, tela.*