Dhima ya Seli B katika Magonjwa ya Baridi Yabisi Yatokanayo na Kinga Kujishambulia: Historia ya Hoja na Ushahidi, 1940–2022

1.0 Utangulizi

Katika matumizi ya Kiswahili, maumivu na ukakamavu wa maungio huitwa baridi yabisi. Jina hilo lina asili ya Kiarabu, ambamo yabisi maana yake ni kavu, na limehifadhi nadharia ya tiba ya kale iliyoyaeleza maradhi kwa sifa nne za joto, baridi, unyevu na ukavu. Sayansi ya karne ya ishirini iliutafuta mzizi wa baadhi ya maradhi hayo mahali pengine, yaani katika mfumo wa kinga wa mgonjwa mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako, husema wahenga, na katika kundi hili la magonjwa methali hiyo ni maelezo ya kitabibu. Mifano miwili mikuu ni baridi yabisi ya maungio, ambayo huvimbisha na kuharibu maungio ya mikono na miguu, na lupasi, ambayo hushambulia ngozi, damu na ogani mbalimbali, na inaweza kuziua figo.

Insha hii inajadili namna dhima ya seli B katika magonjwa hayo ilivyotambuliwa, ikawekwa kando, kisha ikarejeshwa. Hoja inayotetewa ni kwamba kwa muda mrefu wataalamu waliilinganisha seli B na kingamwili inazozizalisha, kana kwamba kiwanda na bidhaa ni kitu kimoja. Kila bidhaa ilipoonekana kutotosha kuueleza ugonjwa, kiwanda nacho kiliachiwa huru. Mlinganyo huo ulivunjwa na majaribio ya kuziondoa seli zenyewe, kwanza katika panya na baadaye katika wagonjwa. Kwa sababu hiyo, historia ya dhima ya seli B haiwezi kutenganishwa na historia ya tiba yake.

2.0 Kingamwili Kabla ya Seli

Mwanzoni mwa karne ya ishirini, Paul Ehrlich alitoa hoja kwamba mwili una namna ya kuepuka kujitia sumu wenyewe. Hoja hiyo ilieleweka na wengi kuwa katazo: kinga haiwezi kumgeukia mwenyewe. Ushahidi wa kinyume chake ulipatikana bila kutafutwa. Huko Oslo, Erik Waaler aliona kwamba seramu ya mgonjwa wa baridi yabisi ya maungio iliweza kuzigandanisha kwa nguvu chembe nyekundu za damu ya kondoo zilizokwisha kupakwa kingamwili za sungura. Alichapisha matokeo yake mwaka 1940, mwaka ambao Norwei ilivamiwa, na hayakuvuta macho ya wengi. Mwaka 1948 Harry Rose na wenzake huko New York waliripoti jambo lilelile, na kipimo kilichozaliwa kikabeba majina ya wote wawili. Kilichokuwa katika seramu hiyo baadaye kiliitwa kigezo cha rumatoidi: kingamwili inayoishika kingamwili nyingine. Katika insha hii, kingamwili za aina hii, zinazoelekezwa dhidi ya mwili wenyewe, zinaitwa kingamwili asi.

Mwaka huohuo wa 1948, Malcolm Hargraves na wenzake wa Mayo Clinic walieleza kuhusu chembe nyeupe zilizoonekana katika uboho wa wagonjwa wa lupasi zikiwa zimemeza kiini cha seli nyingine. Baadaye ilibainika kwamba tukio hilo huchochewa na kingamwili za mgonjwa dhidi ya viini vya seli. Mnamo 1957, makundi kadhaa ya watafiti yaliripoti kwamba baadhi ya kingamwili hizo huishika DNA. Muongo mmoja baadaye, Koffler, Schur na Kunkel walionyesha kwamba kingamwili za namna hiyo hukusanyika katika figo zilizoathirika. Kwa upande wa lupasi, basi, mnyororo kati ya kingamwili asi na madhara ya ogani ulianza kuonekana.

Hata hivyo, katika kipindi hicho chote mzalishaji wa kingamwili hakufahamika kikamilifu. Astrid Fagraeus, katika tasnifu yake ya mwaka 1948 huko Stockholm, alionyesha kwamba seli plazma ndizo zinazozalisha kingamwili. Swali la seli hizo zinatoka wapi lilibaki wazi, na jibu lake lilianzia katika banda la kuku.

3.0 Kuku na Asili ya Herufi B

Bruce Glick, akiwa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, alichunguza kifuko kidogo kilicho karibu na tundu la nyuma la ndege, kiitwacho kifuko cha Fabricius, ambacho kazi yake haikujulikana. Mwenzake, Timothy Chang, alihitaji kuku wa kuwaonyesha wanafunzi namna kingamwili zinavyozalishwa. Alitumia baadhi ya kuku ambao Glick alikuwa amewaondolea kifuko hicho, akawachanja kwa bakteria wa Salmonella, na kuku hao wakashindwa kuzalisha kingamwili. Ripoti ya ugunduzi huo ilikataliwa na jarida la Science, ikachapishwa mwaka 1956 katika Poultry Science, jarida la wafugaji na wataalamu wa kuku. Kwa miaka kadhaa, wataalamu wengi wa kinga ya binadamu hawakuisoma.

Mnamo 1961, Jacques Miller alionyesha umuhimu wa tezi ya thaimasi katika kinga ya panya. Mwaka 1965, Max Cooper na Robert Good wa Chuo Kikuu cha Minnesota waliziunganisha njia hizo mbili kwa kuonyesha kwamba kuku wana koo mbili tofauti za seli za kinga, moja ikitegemea thaimasi na nyingine ikitegemea kifuko cha Fabricius. Kifuko hicho huitwa “bursa” kwa Kilatini, na kutokana na herufi ya kwanza ya neno hilo seli za ukoo wa pili zikaitwa seli B, huku zile za thaimasi zikiitwa seli T. Binadamu hana kifuko hicho. Seli B zake hukomaa katika uboho.

Ugunduzi huo ulipaswa kuiweka seli B katikati ya utafiti wa baridi yabisi, kwa kuwa mzalishaji wa kingamwili asi alikuwa sasa amepata jina. Haikuwa hivyo.

4.0 Miaka ya Kivuli

Sababu za seli B kuwekwa kando zilikuwa za msingi. Kwanza, kigezo cha rumatoidi kilipatikana pia kwa watu wazima wenye afya na kwa wenye maambukizi ya muda mrefu, ilhali baadhi ya wagonjwa wa baridi yabisi hawakuwa nacho kabisa. Kitu kinachoweza kuwapo bila ugonjwa, na ugonjwa ukawapo bila chenyewe, kilionekana kuwa dalili tu. Pili, mwaka 1978 Peter Stastny alihusisha baridi yabisi ya maungio na aina mahususi ya molekuli za HLA, ambazo kazi yake ni kuzionyesha antijeni kwa seli T. Tatu, utando wa maungio yaliyovimba ulikutwa umejaa seli T. Nadharia iliyotawala ikawa kwamba seli T ndiyo kiongozi na seli B ni mfuasi.

Nadharia hiyo ilipopelekwa kwa wagonjwa katika miaka ya 1990, kwa kutumia kingamwili za kuziondoa seli T zenye molekuli ya CD4, matokeo yalikatisha tamaa. Mafanikio makubwa ya muongo huo yalitoka kwingine: Ravinder Maini na Marc Feldmann wa London walizuia protini ya uvimbe iitwayo TNF, na wagonjwa wengi wakapata nafuu. Hata hivyo, kuzuia TNF kulipunguza uvimbe bila kueleza ni nani aliyeuanzisha.

Wakati huohuo, ushahidi mwingine ulikuwa ukijengeka katika panya. Mark Shlomchik na wenzake walionyesha mwaka 1994 kwamba panya wenye asili ya kupata lupasi hawaupati ugonjwa wa figo wakikosa seli B. Mwaka 1999 kundi hilo lilikwenda mbali zaidi: liliunda panya wenye seli B zisizoweza kutoa kingamwili katika damu, na panya hao bado waliugua. Matokeo hayo yalitenganisha kiwanda na bidhaa. Seli B huzionyesha antijeni kwa seli T, huzichochea, na hutoa protini za uvimbe. Kingamwili ni moja tu ya kazi zake.

5.0 Jaribio la London

Nyenzo ya kulipima wazo hilo kwa binadamu ilitoka katika tiba ya saratani. Georges Köhler na César Milstein walibuni huko Cambridge, mwaka 1975, njia ya kuzalisha kingamwili za ukoo mmoja. Mwaka 1980 watafiti wa Boston walieleza molekuli ya juu ya seli B ambayo leo huitwa CD20. Dawa ya rituksimabu, inayoishika molekuli hiyo na kuiangamiza seli inayoibeba, iliidhinishwa nchini Marekani mwaka 1997 kwa ajili ya limfoma.

Jonathan Edwards na Geraldine Cambridge wa University College London walikuwa na nadharia iliyohitaji dawa ya namna hiyo. Walidai kwamba seli B inayozalisha kigezo cha rumatoidi inaweza kujidumisha yenyewe: kwa kuwa huishika kingamwili nyingine, humeza pamoja nayo antijeni yoyote iliyofungwa humo, kisha huionyesha kwa seli T na kupata msaada ambao haikustahili. Ikiwa ni hivyo, kuzikata koo hizo za seli B kungevunja mzunguko mzima. Mwaka 2001 waliripoti wagonjwa 5 ambao dawa nyingine zilikuwa zimeshindwa kuwasaidia; wote walipata nafuu kubwa.

Wagonjwa 5 bila kundi la ulinganisho hawakutosha kuwashawishi wenye shaka. Jaribio lililochapishwa mwaka 2004 lilihusisha wagonjwa 161. Baada ya wiki 24, nafuu ya angalau asilimia 50 ilifikiwa na asilimia 13 ya waliotumia methotreksati pekee, ikilinganishwa na asilimia 43 ya waliotumia methotreksati pamoja na rituksimabu. Mwaka 2006 dawa hiyo iliidhinishwa nchini Marekani kwa baridi yabisi ya maungio. Jambo ambalo kipimo cha Waaler hakikuweza kulithibitisha kwa zaidi ya miaka 60, yaani kwamba seli B ni mshiriki na si shahidi tu, lilithibitishwa kwa kuiondoa.

6.0 Fundisho la Lupasi

Ilitarajiwa kwamba lupasi, ugonjwa wenye kingamwili asi nyingi kuliko mwingine, ungeitikia vizuri zaidi. Majaribio mawili makubwa, moja la wagonjwa 257 lililochapishwa mwaka 2010 na lingine la wagonjwa 144 wa figo lililochapishwa mwaka 2012, hayakufikia malengo yake makuu. Maelezo kadhaa yametolewa. Wagonjwa katika makundi yote walipewa pia dawa nyingine kali, hivyo tofauti ikawa ngumu kuonekana. Seli plazma nyingi hazina CD20, kwa hiyo zilinusurika. Aidha, seli B zilizojificha ndani ya tishu huenda hazikuangamizwa kama zile za damuni.

Kushindwa huko hakukuifuta hoja ya seli B, kwa kuwa njia nyingine ilikuwa imefunguka. Protini iitwayo BAFF, inayozipa seli B uhai, ilielezwa mwaka 1999. Dawa ya kuizuia, belimumabu, iliidhinishwa nchini Marekani mwaka 2011, ikiwa ya kwanza kuidhinishwa kwa lupasi baada ya zaidi ya miaka 50. Manufaa yake yalikuwa ya wastani, lakini yalithibitika. Swali likabadilika kutoka “je, seli B zina dhima?” kuwa “ni seli B zipi, na ziondolewe kwa kina gani?”

7.0 Kutoka Kupunguza hadi Kuanza Upya

Jibu la awali la swali hilo lilitoka Erlangen, Ujerumani. Mwaka 2021, kundi la Georg Schett na Andreas Mackensen liliripoti tiba ya mwanamke mwenye umri wa miaka 20 aliyekuwa na lupasi kali. Seli T zake zilichukuliwa, zikabadilishwa kijenetiki ili ziitambue molekuli ya CD19 iliyo juu ya seli B, kisha zikarudishwa mwilini. Mwaka 2022 kundi hilo liliripoti wagonjwa 5. Wote walipata utulivu wa ugonjwa na kuacha dawa zao za lupasi. Seli B zao zilirejea baada ya miezi kadhaa, zikiwa nyingi changa ambazo hazijawahi kukutana na antijeni, na katika kipindi cha ufuatiliaji ugonjwa haukurejea pamoja nazo. Kingamwili asi dhidi ya DNA zilitoweka, ilhali kingamwili nyingi za chanjo za zamani zilibaki.

Matokeo hayo, ingawa ni ya wagonjwa wachache, yana uzito wa kinadharia. Yanaashiria kwamba kumbukumbu ya ugonjwa imehifadhiwa katika koo fulani za seli B, na si katika ukoo mzima wala katika hazina yote ya kingamwili. Tafsiri hiyo inakaribiana sana na nadharia ya Edwards na Cambridge.

8.0 Hitimisho

Historia hii inaonyesha mambo matatu. Kwanza, seli B ilipuuzwa kwa sababu ilihukumiwa kwa bidhaa yake moja. Pili, utenganisho wa seli na kingamwili ulitokana na majaribio ya kuondoa, na majaribio yaliyoshindwa yalifundisha sawa na yaliyofaulu. Tatu, kila hatua ya kuziondoa seli B ina gharama kwa mgonjwa. Janga la UVIKO-19 lilidhihirisha hilo pale wagonjwa wengi waliokuwa wakitumia rituksimabu waliposhindwa kuzalisha kingamwili za kutosha baada ya chanjo. Seli inayoshtakiwa ndiyo pia mlinzi.

Kwa hiyo, suala lililobaki mbele ya watafiti ni la ubaguzi wa seli: namna ya kuzikata koo asi na kuziacha zilizo tiifu. Suala hilo lina upande wa pili usio wa maabara. Tiba ya Erlangen huandaliwa kwa kila mgonjwa peke yake, kutokana na seli zake mwenyewe, na katika hospitali yenye vifaa na wataalamu maalumu. Mpaka utaratibu huo urahisishwe, ujuzi kuhusu chanzo cha ugonjwa utaendelea kuwa mbele sana ya uwezo wa wagonjwa wengi kunufaika nao.